Wagonjwa Wasiozaliwa: Ni Elimu au Ni Uongo?

Aliyepata kusoma mirathi chuoni hakosi kukumbuka jinsi mwalimu anavyolianza somo. Husema: "Mtu amekufa, ameacha mke, binti mmoja na baba. Mali yake ni shilingi 24,000. Haya, gawanyeni." Wanafunzi huinama, wakatoa thumuni ya mke, ambayo ni 3,000, na nusu ya binti, ambayo ni 12,000, kisha sudusi ya baba pamoja na kilichobaki, jumla yake 9,000. Hatokei hata mmoja akauliza maiti huyo alizikwa wapi. Kila mtu ajua kwamba hakupata kuwako duniani. Ni maiti wa kubuniwa, aliyewekwa ubaoni kwa ajili ya mafunzo, ili siku atakapokufa mtu wa kweli, mjane wa kweli asidhulumiwe.

Tumeanza na maiti huyu wa ubaoni kwa sababu siku hizi ametokea ndugu yake, naye ni mgonjwa wa moyo ambaye hakuzaliwa. Ziko programu za kompyuta ambazo kazi yake ni kutunga mafaili ya wagonjwa wa namna hii na kuyapeleka kwa mawakala wa akili bandia, ili wajifunzie na wajaribiwe kwayo. Wako Waislamu wema ambao wakisikia habari hizi hushtuka, wakasema: Je, huu si uongo mtupu? Tabibu gani huyu anayejaribiwa kwa mgonjwa wa kuzuliwa? Na wako vijana wetu, hasa wale wasomao mambo ya kompyuta, ambao hawaoni lolote la kuuliza. Sisi twaona kwamba pande zote mbili zina haja ya kutulia na kulitazama jambo hili kwa mizani ya dini na ya akili, kwani mwisho wake hauko katika kompyuta. Mwisho wake uko kifuani mwa mama yako na mwa mwanao.

JAMBO LENYEWE

Wakala wa akili bandia si mtu. Ni programu iliyopewa uwezo wa kusoma, kujibu, na kutenda baadhi ya kazi yenyewe bila ya kuongozwa kila hatua. Hospitalini, wakala huyo aweza kulisoma faili la mgonjwa lenye kurasa mia na kumpa daktari muhtasari wake. Aweza kumzindua kwamba dawa hii haipatani na ile. Aweza kupanga siku ya mgonjwa kurudi kupimwa. Kazi hizi ni njema, lakini si kazi za kumkabidhi asiyejaribiwa. Dereva hafunzwi ndani ya basi lililojaa abiria, wala mwanafunzi wa upasuaji hashiki kisu siku yake ya kwanza juu ya tumbo la mtu.

Basi hapa ndipo inapoingia programu tuliyoitaja. Wakala huiuliza, nayo hujibu. Wakala husema: nipe mgonjwa mwenye moyo dhaifu. Mara huletewa faili: mwanamume wa miaka 62, presha yake 158 kwa 94, chumba cha chini cha kushoto cha moyo wake husukuma nje asilimia 35 tu ya damu iliyomo kila unapopiga, na dawa anazotumia ni hizi na hizi. Mwezi wa Novemba 2024 kampuni ya Anthropic ya Marekani ilitangaza kanuni iitwayo Model Context Protocol, inayowawezesha mawakala kuunganishwa na hazina za habari na vyombo vingine kwa lugha moja, na kwa njia kama hiyo kazi ya kuwaletea mafaili imekuwa nyepesi kuliko zamani.

Na faida yake ni kwamba mjaribu aweza kutega mtego. Humwandikia yule mgonjwa wa kubuniwa dawa ya ibuprofeni kwa maumivu ya goti. Dawa hiyo ni ya kawaida madukani, lakini kwa mwenye moyo dhaifu huweza kuzuia maji mwilini na kumzidishia maradhi. Wakala mwema atalikamata kosa hilo, na wakala mbovu atalipita. Afadhali alipite mbele ya mgonjwa asiyezaliwa, ambaye hana mke wa kukaa eda wala watoto wa kubaki mayatima.

KWA NINI WASITUMIE MAFAILI YA KWELI?

Swali hili ni la haki, na jawabu lake ni amana. Qurani Tukufu, katika Sura An-Nisaa aya ya 58, yatuamrisha kuzirudisha amana kwa wenyewe. Na katika Sura Al-Hujurat aya ya 12 yatukataza kupelelezana na kusengenyana. Siri ya mgonjwa ni amana mikononi mwa tabibu wake. Nasi tuishio mitaani twajua vizuri madhara ya siri hiyo kutoka nje. Binti aliyezaliwa na tundu la moyo, likazibwa akiwa mdogo, akapona na kukua, anapofika siku ya kuposwa hukuta uvumi umemtangulia: huyo mgonjwa, hatazaa, hatafika mbali. Moyo wake umepona, lakini ulimi wa watu haujapona.

Huenda mtu akasema: waondoe majina tu, yatosha. La, haitoshi, na mambo yaliyotokea Marekani yatufundisha. Katika miaka ya 1990 idara moja ya bima katika jimbo la Massachusetts iliwapa watafiti kumbukumbu za hospitali za wafanyakazi wa serikali, baada ya kuziondoa majina. Mwanafunzi mmoja, Latanya Sweeney, akainunua orodha ya wapiga kura wa mji wa Cambridge kwa dola 20. Akailinganisha na zile kumbukumbu kwa vitu vitatu tu: tarehe ya kuzaliwa, jinsia, na nambari ya posta ya mahali mtu akaapo. Akalipata faili la gavana mwenyewe wa jimbo hilo, William Weld. Mwaka 2000 Bi. Sweeney alionyesha kwamba vitu vitatu hivyo vilitosha kumpambanua peke yake mtu mmoja mmoja katika asilimia 87 ya watu wa Marekani. Ikiwa siri ya gavana ilipatikana kwa dola 20, siri ya mvuvi itapatikana kwa shilingi ngapi?

Na katika maradhi ya moyo hasa uko mfano mwingine. Mwaka 1988 Chuo Kikuu cha California kilichoko Irvine kilipokea hazina ya kumbukumbu za wagonjwa wa moyo kutoka Cleveland, Hungaria, Uswisi na Long Beach. Sehemu ya Cleveland ilikuwa na wagonjwa 303, na hadi leo wanafunzi wa kompyuta ulimwenguni kote hujifunzia kwayo. Maelezo ya hazina yenyewe yaeleza kwamba majina ya wagonjwa na nambari zao za bima ya jamii yaliondolewa baadaye, yakawekwa ya kubuni mahali pake. Watu hao walikwenda kupimwa vifua vyao. Ni wangapi kati yao waliojua kwamba vifua hivyo vitasomwa darasani kwa miaka zaidi ya thelathini?

Kwa hiyo mgonjwa wa kubuniwa ni sitara. Hukaa mbele ya mgonjwa wa kweli, ili macho ya watu yamwangukie yeye. Na mwenye kumsitiri Mwislamu mwenziwe ana ujira mkubwa kwa Mola wake.

HUBUNIWAJE?

Mgonjwa huyu hatungwi kwa ndoto. Programu mojawapo mashuhuri katika kazi hii yaitwa Synthea, iliyotengenezwa na shirika la MITRE la Marekani, na yaruhusiwa kutumiwa na kila mtu bila malipo. Yeye humtunga mtu tangu kuzaliwa hadi kufa: humpa umri, mji, na mwili, kisha kadiri muda unavyopita hupiga hesabu ya uwezekano wa mtu kama huyo kupatwa na ugonjwa fulani. Hesabu za moyo zina asili yake katika mji mdogo wa Framingham, huko huko Massachusetts, ambako mwaka 1948 wataalamu walianza kuwafuatilia wanaume na wanawake 5,209. Kwa kuwafuatilia hao, ulimwengu ulipata hakika juu ya madhara ya presha, sigara, na mafuta yaliyozidi katika damu. Mgonjwa wa Synthea basi ni kama mtu aliyefinyangwa kwa udongo wa watu waliokuwako kweli, bila ya yeye mwenyewe kuwa mmoja wao.

Na liko jambo katika Synthea ambalo twalisifu sana. Majina ya watu wake, isipokuwa mtumiaji akitaka vingine, hutoka yakiwa na tarakimu nyuma yake. Si jina tupu kama lako au langu, bali jina na nambari iliyobandikwa mwishoni mwake. Yeyote alionaye faili hilo hujua mara moja kwamba huyu si mja wa Mungu aliyezaliwa na mwanamke. Hiyo ndiyo alama yake. Lakini alama hiyo yaweza kuondolewa kwa kubadili neno moja tu katika mipangilio ya programu. Na hapa ndipo tulipotaka kumfikisha msomaji wetu.

UONGO HUANZIA WAPI?

Imepokewa katika Sahihi Muslim kwamba Mtume wetu (S.A.W.) alipita sokoni penye chungu ya chakula, akatia mkono wake ndani, na vidole vyake vikakuta unyevu. Akamwuliza mwenye mali, naye akajibu kwamba mvua ilikinyeshea. Mtume akamwuliza kwa nini asikiweke kile kilicholowa juu watu wakakiona, kisha akaeleza kwamba mwenye kughushi si katika watu wake. Na tuzingatie: hakumwambia kwamba chakula kilicholowa hakiuziki. Kosa halikuwa unyevu. Kosa lilikuwa kuuficha.

Basi hukumu yetu juu ya mgonjwa wa kubuniwa ni hiyo hiyo. Akiwekwa juu ya chungu, na alama yake usoni, ni elimu kama maiti wa mirathi. Akifichwa chini, akachanganywa na wagonjwa wa kweli, ni ghushi. Na ghushi hii si ya pishi mbili za mtama. Ni ya dawa ambayo watu wataimeza.

Maulamaa wetu wa Hadithi walikwisha kuipita njia hii zamani. Waongo walipoanza kuzua maneno na kuyasingizia kwa Mtume, maulamaa hawakutosheka kuuliza kama neno lenyewe ni zuri. Waliuliza: umelipokea kwa nani, naye kalipokea kwa nani? Wakajenga elimu ya isnadi. Na Ibn al-Jawzi wa Baghdad, aliyefariki mwaka 1201, alizikusanya hadithi nyingi za kuzuliwa katika kitabu kimoja, akakiita Al-Mawdhu'at, yaani Za Kuzuliwa. Hakuna aliyesema kwamba Ibn al-Jawzi ni mwongo kwa kuyaandika maneno ya uongo. Aliyaandika chini ya jina lake la haki, na kwa hivyo akawalinda watu nayo.

Leo elimu ya tiba ina haja ya isnadi kama hiyo, na ushahidi wake ni wa juzi tu. Mwezi wa Mei 2020, wakati wa maradhi ya Korona, majarida mawili makubwa ya tiba yalichapisha makala zilizotegemea kumbukumbu za kampuni moja ya Marekani, Surgisphere. Makala moja ilihusu maradhi ya moyo kwa wagonjwa wa Korona, na yasemwa humo kwamba wagonjwa hao walikuwa 8,910 kutoka hospitali 169. Nyingine ilidai wagonjwa 96,032 kutoka hospitali 671, na ilihusu dawa ya haidroksiklorokwini. Shirika la Afya Duniani likaisimamisha kwa muda sehemu ya majaribio yake ya dawa hiyo. Wataalamu wakaanza kuuliza: hospitali hizi ni zipi? Wakaguzi wa nje walipotaka kuziona kumbukumbu zote, hawakupewa. Tarehe 4 Juni 2020 makala zote mbili zilifutwa. Sisi hatusemi kwamba wagonjwa wale walizuliwa, kwani hatuna elimu ya hayo, na Sura Al-Israa aya ya 36 yatukataza kuyafuata tusiyo na elimu nayo. Twasema hili tu: hazikuwa na isnadi, na ulimwengu mzima karibu uzisalie nyuma yake.

NI MOYO WA NANI?

Yako na mengine, na haya yatugusa sisi wa Afrika Mashariki zaidi. Mgonjwa wa kubuniwa hufanana na watu aliobuniwa kutokana nao. Wale 5,209 wa Framingham walikuwa karibu wote wazungu. Hilo si kosa lao. Ndio watu wa mji wao, na kuanzia mwaka 1994 watafiti wenyewe waliongeza kundi la watu wa asili nyingine. Lakini wakala wa akili bandia aliyelelewa juu ya mafaili ya namna hiyo atadhani kwamba mgonjwa wa moyo ni mzee ambaye mishipa yake imezibika kwa mafuta.

Nasi tunao wazee hao, tena wazidi kila mwaka. Lakini tunao pia watoto. Mtoto huumwa na koo kwa vijidudu vya streptokoki. Nyumbani akapewa maji ya chumvi asukutue, akanyamaza. Baada ya wiki chache homa humrudia na viungo humvimba, na mwili wake, katika kupigana na vijidudu vile, huudhuru moyo wake mwenyewe. Vilango vya moyo, viitwavyo vali, hukakamaa na kuvuja. Huo ndio ugonjwa wa moyo utokanao na homa ya baridi yabisi. Marekani umekuwa nadra. Kwetu bado wauwa vijana na akina mama waja wazito, hata mwezi wa Mei 2018 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ukapitisha azimio juu yake.

Na dawa yake si ya anasa. Huko Gulu, kaskazini mwa Uganda, wataalamu waliwachukua watoto 818 wa miaka 5 hadi 17 ambao ugonjwa huu ulikuwa umewaanza kwa siri. Baadhi walidungwa sindano ya penisilini kila baada ya wiki nne kwa miaka miwili, na wengine hawakudungwa. Katika waliodungwa, ugonjwa ulizidi kwa asilimia 0.8 tu, katika wengine, asilimia 8.2. Matokeo hayo yalitangazwa mwaka 2021. Watoto hao na wazazi wao walitoa idhini, wakavumilia sindano, na elimu iliyopatikana ina isnadi isiyotiliwa shaka. Lau wangengojewa wagonjwa wa kubuniwa wa Massachusetts, elimu hiyo isingalipatikana abadan, kwani mtu hawezi kuteka maji katika kisima kisichochimbwa.

Na mgonjwa wetu ana jambo jingine: hufunga Ramadhani. Mama mwenye moyo dhaifu, anayetumia dawa za kutoa maji mwilini, ataka kujua azitumie saa ngapi, futari au daku, na pengine ataka kuambiwa kwa upole kwamba Mola wake amemruhusu kula. Daktari aliyekaa nasi ajua kumwuliza. Je, wakala aliyejaribiwa kwa wagonjwa ambao hawakupata hata siku moja kuuona mwezi mwandamo, atajua?

YATUPASAYO

Basi tusikimbie elimu hii, wala tusiipokee tumefumba macho.

Wazazi, mtoto akiumwa na koo pamoja na homa, mpelekeni kwa tabibu, na dawa aliyopewa aimalize hata akiona amepona. Hospitali ikiwaambia kwamba imeleta chombo cha akili bandia, ulizeni bila haya: kilijaribiwa kwa nani? Kwa watu wa kweli au wa kubuniwa? Kwa watu wa wapi? Kuuliza si ukosefu wa adabu, bali ni kutafuta isnadi.

Na kabla ya kuwalaumu wakubwa, tujitazame sisi wenyewe. Ni mara ngapi tumeona katika makundi ya simu picha ya faili la mgonjwa, na jina lake, na umri wake, na ugonjwa wake, imetumwa kwa nia njema ya kuomba dua au mchango? Dua ya mgonjwa haihitaji karatasi yake. Kenya ilitunga sheria ya kulinda habari za watu mwaka 2019, na Tanzania mwaka 2022. Lakini sisi tulikuwa na sheria ya amana karne nyingi kabla ya hapo.

Nanyi vijana msomao kompyuta na tiba, kazi hii ni yenu. Haitoshi kuyapokea mafaili yaliyobuniwa kwa wengine. Jifunzeni kuyatengeneza ya watu wetu: ya binti wa Lamu mwenye vali inayovuja, ya mzee wa Tanga mwenye presha anayefunga. Yajengeni juu ya takwimu za kweli zilizopatikana kwa idhini, kisha yapeni alama isiyofutika, ili hata baada ya miaka hamsini atakayelishika faili ajue kwamba huyu ni wa kubuniwa, aliyembuni ni nani, na alimbuni kutokana na nini. Mkiwa na shaka kama mmefanya uadilifu, kumbukeni ile chungu ya chakula, na mkono uliotiwa ndani yake.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awasitiri walio hai na awarehemu waliotangulia, na azijaalie nyoyo zetu afya ya mwili na ya imani. Amin.